Mgonjwa wa Sista Benta

Kariobangi, Nairobi
Jumatano, 6 Novemba 2024

Kwa Baba,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mama, kisha dada Ndindi na watoto wake. Mimi huku ni mzima, isipokuwa mgongo unaonisumbua kwa kulala chini ya magari, na huo ni ugonjwa wa kazi, usiutilie maanani. Nataka kujua kifundo cha mkono wako kinaendeleaje. Ndindi aliniambia umeanza tena kushika tezo asubuhi kabla jua halijawa kali, na kwamba Mama ameshindwa kukukataza. Nami sitakukataza. Nakuomba tu uwaachie vijana yale magogo magumu, wewe ubaki na kuchonga vijiko na swala wadogo. Je, mvua imefika huko Wamunyu? Hapa ilinyesha siku mbili ikatuachia matope, kisha ikaenda zake.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu, Baba, unasikia nusu, na ile nusu nyingine Ndindi anakurudishia kwa sauti inayofika kwa majirani. Habari niliyo nayo si ya kupigiwa kelele. Nimesikia kwamba rafiki yangu Nzomo alipokuja nyumbani mwezi uliopita alikueleza jinsi nilivyotengeneza gari lililowashinda mafundi wanne, na kwamba umewasimulia wachongaji wenzako wote. Nzomo hakudanganya. Alisema alichokiona akiwa amesimama pale gereji. Lakini hakuona yote, na mtu anayestahili kusimuliwa si mimi.

Mtu huyo anaitwa Benta. Watu wa mtaa wa Jericho wote humwita Sista Benta, kwa sababu alikuwa mkunga katika zahanati ya kaunsili ya jiji kwa miaka thelathini na mmoja. Kwao ni Siaya. Sasa amestaafu, ana miaka kama sabini, ni mwembamba, huvaa miwani iliyofungwa uzi shingoni, na hapandishi sauti hata akikasirika. Marehemu mumewe, Dishon, alikuwa karani wa reli, akamwachia Corolla nyeupe ya zamani, yenye namba za usajili za kabla ya KAA. Sista hajalifanya gari hilo kuwa la kutembelea. Mwanamke akishikwa na uchungu pale mtaani, au mtoto akibanwa na kifua, watu hawapigi simu kwanza. Wanagonga mlango wake. Hatozi mtu kitu. Nimeambiwa kuna vijana wenye ndevu pale Jericho waliozaliwa dakika chache baada ya kuteremshwa kutoka kwenye gari hilo wakiwa tumboni mwa mama zao.

Gari lilianza kuugua katikati ya mwaka. Likienda vizuri barabarani halikuwa na neno, lakini likikwama kwenye foleni, mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye nyekundu. Na ukilizima likiwa moto, haliwaki tena. Ukigeuza ufunguo linasema tik, basi. Ukiliacha saa nzima lipoe, linawaka kwa shida kama mzee anayeinuka kitini. Sista aliniletea mara mbili na mara zote mbili nilimwambia nina kazi nyingi, ampelekee mtu wa rejeta, ile ya kupozea maji ya injini. Mtu wa rejeta akaisafisha, akaila pesa yake, gari likachemka. Mwingine akatoa themostati, kilango cha maji ya injini, akaitupa. Wa tatu akamwuzia betri mpya. Wa nne, aliye jirani yangu kabisa, alilitazama hata hajafungua boneti vizuri akamwambia, “Sista, hii injini imeungua. Ni kufungua hedi tu, usipoteze time.” Yaani kichwa cha injini kifunguliwe chote. Sista akamjibu, “Kwetu hatumpasui mtu kabla ya kumpima,” akarudi nyumbani na gari lake.

Siku ya Jumamosi, tarehe kumi na nne Septemba, saa nne asubuhi, jirani yake aitwaye Celine alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba ya kwanza. Mumewe, Frankline, alikuwa kibaruani Industrial Area. Waliita ambulensi wakaambiwa wasubiri, na Sista alipomgusa Celine tumbo aliona kwamba mtoto hana nia ya kusubiri. Akamlaza kiti cha nyuma, akaondoka naye. Walifika Jogoo Road wakakuta magari yamesimama pande zote. Karibu na City Stadium mshale ukaingia kwenye nyekundu na mvuke ukaanza kutoka mbele. Ikabidi azime. Alipojaribu kuwasha likasema tik.

Hayo mengine nilisimuliwa na mama mmoja auzaye mahindi ya kuchoma pale barabarani. Anasema Sista alishuka taratibu, akafunga miwani vizuri, akawaita wanawake waliokuwa karibu kana kwamba ameajiri kila mmoja wao. Wawili akawapa leso za kujifunga wazishike kama pazia pande zote za mlango. Mmoja akamtuma maji. Mwenye pikipiki akamwambia aende mpaka aipate ambulensi ilipokwama na aionyeshe njia. Kisha akaingia nyuma, akapiga magoti sakafuni mwa gari. Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingo, hana sauti, rangi yake si nzuri. Yule mama wa mahindi anasema aliona mikono ya Sista ikifanya kazi kama ya mtu anayefunga mzigo aliouzoea, na kwamba kimya kile kilikuwa kirefu hadi madereva wa magari ya jirani wakazima redio zao. Halafu mtoto akalia. Ni msichana. Ambulensi ilipofika, Sista aliwaeleza wahudumu saa kamili aliyozaliwa mtoto, kwa sababu hata katika hali ile alikuwa ameangalia saa.

Jumatatu asubuhi gari lilivutwa kwa kamba mpaka kwangu, Sista akiwa ndani ameshika usukani. Nilitazamia lawama. Sikupewa hata moja. Alinisalimu, akauliza habari zako na Mama kama afanyavyo siku zote, kisha akasema, “Nzivo mwanangu, nimekuletea mgonjwa. Usimguse kwanza. Nisikilize.”

Baba, nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili na sijawahi kusikia mtu akieleza gari namna ile. Wengi huja na jina la ugonjwa. Wanakwambia ni gasketi, ni stata ya kuwashia, kwa sababu shemeji yao alisema. Sista hakutaja jina lolote. Alitaja alichokiona tu. Likiwa baridi linafanya hivi, likiwa moto linafanya vile. Usiku taa zake hufifia likisimama, hung’aa likikanyagwa mafuta. Maji hayapungui kabla ya kuchemka. Moshi wake hauna rangi wala harufu ya utamu. Wenzangu walianza kusogea mmoja mmoja wakiacha kazi zao, hata yule wa kufungua hedi, na Nzomo naye akiwa miongoni mwao kwani alikuwa amekuja kunisalimia.

Kisha tukalipima, yeye akiuliza na mimi nikifanya. Alitaka kujua gasketi, ule utando unaotenganisha oili na maji ndani ya injini, ikiungua huonekanaje. Nikamwambia oili na maji huchanganyika, na maji hutoa mapovu. Akataka tuone. Kijiti cha oili kilikuwa safi. Kwenye rejeta hapakuwa na povu hata moja. Akatikisa kichwa akamwangalia yule jirani yangu, naye akaangalia viatu vyake. Tukawasha gari, likawaka kwa taabu. Lilipopata joto, Sista akaigusa mipira ya maji, wa juu na wa chini, kwa mgongo wa mkono, vile mama anavyogusa paji la uso la mtoto. Yote miwili ilikuwa moto. Nikamweleza kwamba hiyo ina maana maji yanazunguka sawasawa. “Basi damu inatembea,” akasema.

Tukasubiri feni ya rejeta, ambayo huzunguka kwa umeme joto likizidi. Ilizunguka, lakini polepole, ungeweza kuhesabu mapanga yake. Sista akaniambia niwashe taa kubwa. Feni ikapungua zaidi. Nikazima gari, nikageuza ufunguo: tik.

Alikaa kwenye gurudumu nililompa kama kiti, akafikiri. Kisha akasema maneno ambayo wenzangu wanayarudia mpaka leo. “Magonjwa mawili yakianza wiki moja katika mwili mmoja, mimi hutafuta chanzo kimoja. Feni haina nguvu. Stata haina nguvu. Betri ni mpya. Nguvu inapotelea wapi njiani?” Hapo ndipo akaniuliza swali ambalo anasema hulitanguliza kwa kila mgonjwa na kwamba siku hiyo alikuwa amelichelewesha makusudi ili lisitupotoshe. Aliuliza yote haya yalianza lini. Akajijibu mwenyewe kwamba yalianza mwezi wa sita, siku chache baada ya kubadilishiwa klachi.

Klachi hiyo niliiweka mimi.

Niliingia chini ya gari. Kuna waya mmoja mnene, tunauita waya wa ardhi, unaounganisha injini na bodi. Watu hufikiri umeme ukishatoka kwenye betri kazi imekwisha, lakini ni lazima uwe na njia ya kurudi, na waya huo ndiyo njia yenyewe. Ukilegea, stata inakosa nguvu, betri haijazwi vizuri, feni inazubaa. Niliuona umekaa umelegea, mahali pake pamejaa kutu na grisi. Nikaomba nipewe waya tunaoazimia umeme kutoka gari moja hadi jingine, nikaushikiza upande mmoja kwenye ncha hasi ya betri na upande wa pili kwenye injini, nikamwambia Nzomo ageuze ufunguo. Gari liliwaka kabla hajamaliza kugeuza. Feni ikavuma mpaka ikapeperusha gazeti lililokuwa mezani. Mafundi wakapiga makofi. Nikasugua pale mahali kwa msasa hadi chuma kikang’aa, nikakaza, na ugonjwa wa miezi mitatu ukaisha kwa kazi ya robo saa.

Hayo ndiyo aliyoyaona Nzomo. Sasa nakueleza asiyoyaona.

Kutoa giaboksi ya gari lile ni lazima kwanza ufungue waya huo. Mwezi wa sita niliufungua, na wakati wa kurudisha niliushikiza kwa boliti yake kwa vidole tu, nikakusudia kurudi na spana. Kabla sijarudi, mtu akaingia na gari jipya kubwa, la aina ninayopenda kuonekana nalo mbele ya gereji. Nilimkimbilia. Corolla ya Sista niliiona kama takataka inayonizibia nafasi, nikaifunga haraka nikamkabidhi. Na nilipomfukuza mara mbili kwa kusema nina kazi nyingi, sababu ilikuwa ile ile. Siku ile nikiwa chini, niliigusa boliti ikazunguka kwa kidole kimoja. Nikajua papo hapo. Mtoto yule alizaliwa barabarani bila pumzi kwa sababu ya mkono wangu.

Na nilipotoka chini, watu wamenizunguka wakinisifu, Sista akaniuliza kwa nini waya umelegea. Nikamwambia ni uzee wa gari.

Akanishukuru mbele ya wote, akaishika mikono yangu yenye grisi kwa mikono yake miwili.

Nilidhani nitaweza kukaa na jambo hilo. Wiki mbili baadaye Frankline alikuja gereji moja kwa moja kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko, ana nyama ya mbuzi imefungwa kwenye gazeti. Alisema yeye na Celine wameona niwe baba wa ubatizo wa mtoto, kwa kuwa mimi na Sista ndio tuliomaliza balaa lile. Nilimwambia nitamjibu. Nyama nikawaachia wenzangu wakaichoma. Sikuweza kuila.

Kesho yake nilifunga kazi saa tisa nikatembea hadi Jericho. Sista alikuwa barazani anachambua mrenda. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana niliona nikikaa nitapunguza maneno. Mikono yake ikaacha mboga. Akauliza nilijua lini. Nikasema nikiwa bado chini ya gari.

“Ukaniambia ni uzee.”

Nikakubali.

Akasema, “Boliti ningekusamehe hata kabla hujamaliza kusema. Nimefanya kazi na watu, najua mkono huchoka. Lakini lile la uzee, Nzivo, nililiamini.” Akanieleza kwamba kwa sababu ya neno langu aliamua kuwa gari halifai tena kubeba mama mjamzito. Mtu wa vyuma chakavu alikuwa ameshaitwa, aje Jumamosi. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake wenye mimba watafute njia nyingine.

Baba, hapo ndipo nilipoelewa kwamba boliti nilikosea mara moja tu, lakini uongo ulikuwa bado unafanya kazi kila siku nikiwa nimelala.

Aliinuka, akakung’uta kanga, akaniambia tuende kwa Celine na nitasema mwenyewe. Alisimama mlangoni nilipokuwa nikisema. Frankline alitoka nje, nikasikia akipiga teke karai. Celine alikuwa akinyonyesha. Hakulia wala hakunitukana. Alisema baba wa ubatizo sitakuwa, watamtafuta mwingine, nami nikasema ni haki yake. Tukaondoka.

Njiani Sista alinifundisha jambo moja. Anasema zamani, kabla ya kumshona mama aliyepasuliwa, watu wawili walihesabu pamba na vyombo vyote kwa sauti, mmoja akihesabu na mwingine akihakikisha, hata kama daktari ni bingwa. Akaniuliza gereji yangu huhesabu na nani. Sasa tunahesabu. Kila gari likifunguliwa, mimi na yule jirani yangu wa kufungua hedi tunazipitia boliti pamoja kabla ya kumwita mwenye gari, mmoja anataja, mwingine anagusa kwa spana. Mafundi wengine walitucheka wiki ya kwanza. Wiki hii wawili wamekuja kutuomba tuwahesabie. Na yule mtu wa vyuma chakavu alirudi mikono mitupu.

Ijumaa iliyopita Celine alinipigia simu. Alisema, “Ubatizo ni Jumapili. Utatuendesha wewe, kwa gari lile lile. Mimi nitakaa nyuma.”

Tuliondoka Jericho saa mbili, Sista kando yangu, Celine, Frankline na mtoto nyuma. Jogoo Road ilikuwa imeziba kwa sababu ya mbio fulani za hisani. Tulisimama karibu nusu saa, jua likipiga. Nilisikia feni ikiwaka, ikizima, ikiwaka. Kwenye kioo niliona Celine haangalii nje; alikuwa akiangalia mikono yangu kwenye usukani. Foleni ilipofunguka tukaenda, tukafika kanisani ibada haijaanza. Frankline alishuka akaingia ndani bila kuniangalia, bado hajawa tayari, na simlaumu. Celine alishuka leso ikiwa imemfunguka. Akatazama huku na huku. Sista alikuwa ameshatangulia. Basi akaninyooshea mtoto nimshike, mpaka amalize kujifunga.

Ni mzito kuliko nilivyodhani, Baba. Ana nywele nyingi. Wamemwita Benta.

Unaweza kuwasimulia wenzako haya au kuyaweka, nakuachia uamuzi. Mwambie Mama nimepokea pojo alizonitumia na zimeniivia vizuri. Wasalimie Ndindi na watoto, na mjomba Mutunga mkikutana sokoni. Mungu akitujalia nitakuja Desemba, nami nitabeba msasa mzuri wa kiwandani kwa ajili ya kazi zako, ule wa huko hukwaruza sana. Utunze mkono wako.

Ni mimi mwanao,
Nzivo